Kuku wa Kamembe analala wapi?

Mtu akisema anafuga kuku nyumbani, watu humwuliza kwanza ana kuku wangapi. Jibu lake halisaidii sana. Idadi ya kuku wa uani hubadilika kila wiki: leo kumi na watatu, kesho mwewe kashuka, Jumapili wageni wamekuja, mwezi ujao mtetea mmoja ametotoa vifaranga saba. Swali lenye uzito ni jingine, nalo huulizwa kwa nadra kwa sababu linaingia mpaka ndani ya nyumba ya mtu: wanalala wapi? Kamembe, mji wa Wilaya ya Rusizi unaotazamana na Bukavu ng'ambo ya mto Ruzizi, majibu hayatofautiani na yale ya Kigoma, Kisumu au Uvira. Wanalala jikoni. Wanalala stoo, juu ya gunia la maharage. Wanalala koridoni, wamefunikwa tenga, na alfajiri mama hufagia kabla watoto hawajaamka. Natetea ufugaji wa kuku na bata majumbani, na nautetea bila kusitasita. Lakini nashikilia kwamba karibu kila faida tunayoitarajia kwa ndege hao, kuanzia yai la mtoto hadi mbolea ya mchicha, inategemea mahali walipo kati ya saa kumi na mbili jioni na saa kumi na mbili asubuhi. Banda la usiku litangulie, kuku wafuate.

Kamembe ina sababu zake za kupenda kuku. Mji umepanda juu ya migongo ya vilima, kwenye ncha ya kusini ya Ziwa Kivu, na viwanja vyake vimekatwa kwenye miteremko kama ngazi. Sensa ya mwaka 2022 iliikuta Rwanda na watu 503 katika kila kilomita ya mraba, na anayeishi karibu na soko la mji hahitaji takwimu hiyo kuelezwa mara mbili. Katika kiwanja cha aina hiyo ng'ombe hana nafasi, na mbuzi humlazimu mwenyewe kutafuta majani kila siku. Kuku hula tunachotupa. Tena wilaya hii ina vyakula vya ndege ambavyo mji mwingine ungevitamani. Ukiteremka hadi bonde la Bugarama, mashine za kukoboa mpunga zinatoa pumba. Ziwani wanavuliwa sambaza, samaki wadogo walioletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na wale waliovunjika au kusagika wasiopata mnunuzi ni protini tosha kwa vifaranga. Mbele ya mlango kuna Bukavu, jiji lenye walaji wengi kuliko Kamembe, ambako jogoo mwenye afya hakosi wa kumnunua siku mpaka unapopitika. Kwa familia nyingi kuku ndiye daftari la shule, sabuni, na nauli ya kwenda hospitali usiku wa manane.

Hata hivyo sababu kubwa kuliko pesa ni mtoto. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2019–2020 ulionyesha kwamba asilimia 33 ya watoto wa Rwanda walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, ikilinganishwa na asilimia 38 miaka mitano nyuma. Kiwango kilikuwa kinashuka, ila bado kilikuwa mtoto mmoja kwa kila watatu. Watetezi wa kuku hupenda kutaja utafiti uliofanyika mkoa wa Cotopaxi nchini Ecuador na kuchapishwa 2017: watoto wa miezi sita hadi tisa walipewa yai moja kila siku kwa miezi sita, na udumavu ukapungua kwa asilimia 47 ukilinganishwa na wenzao wasiopewa. Ni habari ya kufurahisha, na ndiyo maana haifai kutajwa bila ndugu yake. Utafiti wa namna hiyohiyo ulifanyika wilaya ya Mangochi, Malawi, ukachapishwa 2019, na yai la kila siku halikuongeza urefu wa watoto kwa kiasi cha kuonekana. Maelezo mojawapo ya watafiti ni kwamba Mangochi iko kando ya ziwa: watoto wale walikuwa tayari wanakula samaki. Msomaji wa Kamembe ataona mara moja kwa nini hilo linamhusu. Kwa nyumba inayopika sambaza mara nne kwa wiki, yai ni nyongeza tu. Kwa nyumba inayokula mihogo na maharage tangu Jumatatu hadi Jumatatu, yai ni kitu kingine kabisa. Na nyumba hizo mbili zinaweza kuwa zinatumia bomba moja la maji.

Tupige hesabu bila kujipendelea. Kuku wa kienyeji anayejitafutia chakula hutaga mayai kama 40 hadi 60 kwa mwaka. Yule wa kisasa anayelishwa chakula cha dukani huvuka 280. Mwenye mitetea watano wa kienyeji anapata, tuseme, mayai 250. Mia moja ayaache yaatamiwe ili kundi lisife. Yanabaki 150, karibu matatu kwa wiki. Hayo hayatoshi familia ya watu saba, lakini yanamtosha mtoto mmoja mdogo kwa kiasi cha kuleta tofauti, ikiwa nyumba imekubaliana kwamba ni yake na ikiwa mayai yanaonekana. Sharti hilo la pili watu hulidharau. Kuku asiye na kiota maalumu hutaga chini ya mgomba wa jirani, nyuma ya rundo la kuni, ndani ya shimo la takataka. Mengine hupatikana yameoza, mengine huliwa na panya, mengine mbwa huyavumbua kabla ya mwenye nyumba. Kuku huchagua pa kutagia kwenye giza na utulivu, na akizoea mahali hahami kwa urahisi. Akilala ndani ya banda lenye kiota, na akifungiwa humo hadi saa tatu au saa nne asubuhi, sehemu kubwa ya mayai yake ataiacha humo. Hapo banda limeshaanza kulipa gharama yake.

Sasa tuje kwenye usiku wenyewe. Mwaka 2016 watafiti wawili, Derek Headey na Kalle Hirvonen, walichapisha uchambuzi wa maelfu ya nyumba za vijijini Ethiopia. Walikuta kwamba watoto wa nyumba zenye kuku walikuwa warefu kidogo kuliko wa nyumba zisizo na kuku, jambo ambalo kila bibi angelibashiri. Lakini palikuwa na kundi lililokwenda kinyume: pale kuku walipolazwa ndani ya nyumba ya kuishi, urefu wa watoto ulipungua. Uchambuzi wa namna hii hauthibitishi kwamba kuku ndiye chanzo. Huenda anayelala na kuku ana nyumba ndogo zaidi na umaskini zaidi, ingawa watafiti walijaribu kuyaondoa hayo katika hesabu. Ila njia ambayo madhara yangepitia inajulikana. Nchini Zimbabwe, watafiti waliokaa kuwatazama watoto wanaotambaa, kwa saa kadhaa kila nyumba, waliripoti mwaka 2013 kwamba baadhi yao walikuwa wakitia mdomoni udongo wa uani na hata kinyesi cha kuku. Kinyesi hicho hubeba bakteria kama kampilobakta na salmonela. Mtoto si lazima aharishe ili adhurike. Akiyameza kidogo kidogo kila siku, utumbo wake huwaka pole pole, kuta zake huchakaa, na chakula anachokula, yai likiwemo, hakifyonzwi inavyopaswa. Kuku yuleyule anayetoa yai kwa mkono wa kulia analichukua kwa mkono wa kushoto.

Tazama chumba chenye sakafu ya udongo saa kumi na moja alfajiri. Tenga limeinuliwa, kuku wametoka, mama amefagia kwa fagio la majani na kumwaga taka nje. Macho yanaona sakafu safi. Lakini usiku kucha kinyesi kimelowesha udongo, fagio limetandaza kilichobaki, na vumbi limetua kwenye mkeka. Saa moja na nusu mtoto wa miezi kumi anashushwa mgongoni na kukaa palepale. Anapiga kiganja chini, anakilamba kidole, anaokota punje ya muhindi iliyomponyoka kuku jana. Hakuna uzembe hapo. Mama amefanya kila alichofundishwa kuhusu usafi. Kosa lilifanyika jioni iliyotangulia, kuku walipopitishwa mlango mmoja na mtoto.

Wapo watakaonikumbusha utafiti wa Lima, na wana haki. Katika vitongoji maskini vya mji huo mkuu wa Peru, watafiti waliwajengea watu mazizi ya kuku wakitarajia ugonjwa wa kuhara upungue. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalikuwa kinyume: nyumba zilizojengewa mazizi zilikuwa na kuhara kwingi zaidi kunakotokana na kampilobakta. Kwa nini basi kuhimiza mabanda? Nadhani Lima inatufundisha aina ya banda, na kwamba kuwa nalo tu hakutoshi. Ukiwakusanya kuku ishirini katika ua mmoja wa ardhini ambao watoto wanaweza kuingia kucheza, umekusanya kinyesi kilichokuwa kimetawanyika na kukifanya uwanja wa hatari. Kuku waliotawanyika mtaani angalau wanaigawa hatari hiyo, jua likikausha sehemu yake. Banda linalofaa ni lile ambalo kuku na kinyesi chake viko juu au pembeni, mtoto hafiki, na mtu mzima mwenye koleo na majivu anafika bila kupiga magoti. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi. Kwenye utumbo wa mtoto ni kubwa.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote, hata hivyo, halitoki maabara. Linatoka kwa mtu yeyote aliyewahi kuibiwa. Watu wa Kamembe hawalali na kuku kwa kukosa ustaarabu. Wanalala nao kwa sababu mwizi yupo, kicheche yupo, nguchiro yupo, na usiku wa masika mvua ya ziwani hunyesha kwa upepo na kuua vifaranga kwa baridi. Ushauri wa bwana mifugo anayesema "jenga banda mwisho wa kiwanja" hausikilizwi, na haustahili kusikilizwa. Banda mwisho wa kiwanja ni zawadi kwa mwizi. Ninalolipendekeza ni banda lililoegemea ukuta wa nje wa chumba cha kulala, ukuta mmoja na hewa mbili. Kuku akilalama usiku, mwenyewe anasikia akiwa kitandani. Sakafu iwe juu, usawa wa paja la mtu mzima, ya fito za mianzi au mbao nyembamba zilizoachana upana wa kidole, ili kinyesi kidondoke chini kwenye bati lililoinama au gunia lililonyunyiziwa majivu. Ndani kuwe na fito za kulalia, kwa maana kuku ni ndege wa mtini na hutulia akishika kijiti. Kuta tatu zizibwe dhidi ya upepo, ya nne iwe na wavu wenye matundu madogo yasiyopitisha mkono wa nguchiro. Bati la juu litokeze mbele kama ukingo wa kofia. Komeo liwe na kufuli. Mita moja ya mraba inawatosha kuku watano au sita. Kiwanja kisicho na mita moja ya mraba kando ya ukuta ni kidogo kweli.

Gharama je? Nguzo za mkaratusi, fito, vipande vya bati vilivyobaki kwenye ujenzi, misumari, bawaba mbili na kufuli: si bure, na kwa familia isiyo na akiba inaweza kuwa bei ya kuku kadhaa. Lakini Rwanda yenyewe ilikwisha kulijibu swali hili, kwa mnyama mkubwa zaidi. Mpango wa Girinka, ulioanza mwaka 2006 kuipa kila familia maskini ng'ombe, uliweka sharti kwamba anayepewa awe amejenga kiraro kwanza na kuandaa malisho. Hakuna aliyeona kwamba ni ukatili kumtaka maskini ajenge kabla ya kupokea. Majirani waliwasaidia wasio na nguvu, na ng'ombe alipofika alikuta pa kulala. Kuku, kwa sababu ni mdogo na anabebeka kwapani, hachukuliwi kwa uzito huo. Kikundi cha akina mama kinagawiwa vifaranga siku ya sherehe, picha zinapigwa, na jioni vifaranga vinaingia jikoni. Yeyote anayetaka kugawa kuku Rusizi, iwe serikali, kanisa au shirika, angepunguza idadi ya kuku kwa theluthi na kuitumia theluthi hiyo kununulia mbao.

Kuna faida nyingine ya banda ambayo haisemwi, nayo ni ya chanjo. Adui mkubwa wa kuku wa kienyeji ni ugonjwa ambao Watanzania huuita mdondo au kideri na Wanyarwanda umuraramo, ule uliotambuliwa mwaka 1926 kisiwani Java na katika mji wa Newcastle wa Uingereza ambao jina lake ugonjwa umelibeba hadi leo. Ukiingia kwenye kundi lisilochanjwa unaweza kuondoka na karibu kuku wote ndani ya wiki. Chanjo ipo. Aina ya I-2, iliyoendelezwa nchini Australia kwa ajili ya vijiji visivyo na umeme, huvumilia kukaa nje ya jokofu kwa muda, hutiwa tone moja jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi minne. Ugumu uko kwenye mambo mawili. Kwanza, kichupa kimoja hubeba dozi za kuku mia na zaidi, na kikishachanganywa hakingoji. Mwenye kuku wanane hawezi kukinunua peke yake. Pili, kuku wa kuzurura hakamatiki. Anayejua kumfukuza jogoo kuzunguka nyumba saa nne asubuhi anajua ninachosema. Kuku aliyelala bandani hukamatwa gizani kimya kimya kama embe lililoiva.

Hapo Rwanda ina vyombo vyake tayari. Isibo, lile kundi dogo la kaya ndani ya mudugudu, yaani kijiji, linatosha kabisa kumaliza kichupa kimoja. Na umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, hufanyika Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi. Mara tatu kwa mwaka, alfajiri ya siku hiyo kabla ya majembe kutoka, kuku wa isibo zima wangeweza kuchanjwa kwa mchango mdogo wa kila kaya, chini ya uangalizi wa mtaalamu wa mifugo, na RAB, bodi ya taifa ya kilimo na mifugo, ikihakikisha dawa imefika. Kuchanja nyumba moja na kuacha ya jirani ni kupoteza tone. Pia tusisahau kwamba Kamembe ni mji wa mpakani. Kuku huvuka Ruzizi wakiwa wamefungwa miguu, na magonjwa huvuka nao bila kuulizwa karatasi. Januari 2017, homa ya mafua ya ndege ilipothibitishwa Uganda, Rwanda ilifunga mlango kwa kuku wa huko. Serikali inaweza kufunga mpaka; ua wa nyumba una mpaka wake pia. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, walisema wahenga, nao bila shaka walimaanisha binadamu, lakini kwa kuku mwenyewe usemi huo ni maagizo ya daktari: aliyenunuliwa sokoni akae peke yake wiki mbili kabla ya kuchanganywa na wengine.

Bata wanahitaji aya yao, kwa kuwa wengi huwachukulia kama kuku wenye miguu mipana. Bata hutaga mapema alfajiri, hula konokono wanaokula mboga, hafukui matuta kama kuku, na jioni hufuata njia ya nyumbani kwa mstari bila kusukumwa. Kwa mji wenye mvua nyingi na mabonde ya maji kama huu ni mnyama anayependeza. Lakini mwili wake ni wa maji. Kinyesi chake ni majimaji, hunywa kwa kumwaga, na usiku mmoja wa bata wanne unatosha kulowesha maranda ambayo kuku wangeyatumia wiki mbili. Maranda mabichi hutoa harufu kali ya amonia, na kuku huvimba macho na kukohoa. Watu wengine huwalaza bata chini na kuku juu, wakidhani wamebana nafasi. Kumbe wamemweka bata chini ya choo. Zaidi ya hayo, bata anaweza kubeba virusi vya mdondo au vya mafua ya ndege bila kuonyesha dalili yoyote, huku kuku wa banda hilohilo wakifa. Anayeachwa kuogelea ziwani na ndege wa porini kutwa, kisha akalala na kuku, amefanywa kivuko. Basi bata walale chini, mahali pao, kwenye majani makavu, na beseni la maji lenye kina cha kuzamisha kichwa likae nje. Na asipewe mahindi yaliyoota ukungu kwa kisingizio kwamba bata hula chochote. Vifaranga vya bata ni miongoni mwa wanyama wanaouawa upesi na sumu ya ukungu, ileile iliyogunduliwa baada ya bata mzinga zaidi ya laki moja kufa Uingereza mwaka 1960.

Kuna hoja ya wachumi, kwamba haya yote ni kujisumbua: mashamba makubwa yazalishe mayai, watu wa mjini wanunue, ua ubaki msafi. Siipuuzi. Shamba kubwa linachanja kwa ratiba, na yai lake mara nyingi ni la bei nafuu zaidi likihesabiwa kila kitu. Lakini chakula ndicho sehemu kubwa ya gharama za shamba hilo, na chakula hicho ni mahindi na soya, vitu ambavyo watu nao wanavitaka na ambavyo bei yake hupanda bila kumshauri mtu. Bei ikipanda yai la dukani ndilo la kwanza kutoka kwenye sahani ya mtoto. Kuku wa uani hula maganda, kumbikumbi, pumba na makombo, na yai lake halipitii bei ya soya. Tena lina mwenyewe anayejulikana. Mara nyingi kuku wa nyumbani ni mali ya mama, hata pale ambapo shamba, ng'ombe na baiskeli si vyake. Kwa jirani zetu wa Buganda, mila ya zamani iliwakataza wanawake kula kuku waliowafuga wenyewe na mayai yao. Mila hiyo imekwisha kufa, na vizuri. Mama mwenye kuku wake anaamua lipi linauzwa na lipi linachemshwa, bila kikao.

Majirani wana malalamiko yao pia, na nusu yake ni ya haki. Harufu inatokana na kinyesi kibichi. Kikikusanywa kila asubuhi, kikachanganywa na majivu na majani makavu na kuachwa kioze miezi kadhaa, kinakuwa mbolea ambayo bustani ya jikoni, ule wajibu wa kila kaya ya Kirwanda, inaihitaji kuliko kitu chochote. Kikitiwa kibichi huunguza mboga na kuzichafua kwa vijidudu. Kelele ni za jogoo, na hapa pana jambo ambalo bado hubishaniwa vilabuni: mtetea hahitaji jogoo ili atage. Jogoo ni wa vifaranga. Mtaa uliobanana unaweza kuwa na jogoo mmoja kwa nyumba kadhaa, akatembezwa, na wengine wakaishia sufuriani wakiwa bado laini. Ama mpangaji wa chumba kimoja asiye na ua, na ambaye mwenye nyumba hamruhusu kupigilia hata msumari, huyo simshawishi. Asifuge. Anunue yai.

Kwa waliobaki, kinachokosekana Kamembe ni bidhaa yenyewe. Mafundi seremala wa mji huu wanatengeneza vitanda, milango, makochi, na kila fundi anajua vipimo vya kitanda cha futi nne kwa sita bila kuuliza. Banda la kuku sita bado halina kipimo kinachojulikana. Anayelitaka lazima alichore mwenyewe kwa kidole hewani, na fundi hulitoza kama kazi maalumu. Lingekuwa linasimama tayari mbele ya karakana, la kubebwa na watu wawili, la kumfaa hata mpangaji anayehama, watu wangeuliza bei wakipita. Kwa fundi atakayeanza, mlango ndio wa kuangaliwa zaidi. Uwe juu kuliko kimo cha mtoto wa miaka miwili, na upana wake umruhusu mtu mzima kuingiza mkono wenye kikwangulio hadi kwenye pembe ya mwisho.